Likizo ya Miguu Kwenda Bisibo

Wazo la kutembea lilikuwa langu, na mdogo wangu hunikumbusha hivyo kila tunapogombana. Nilikuwa nimeona kwenye simu video ya wanawake wawili wa Ulaya, watu wazima kama sisi, wakitembea kwa miguu kutoka kisiwa hadi kisiwa, huko kwenye bahari za baridi. Hakuna aliyewaongoza. Walikuwa na ramani, mabegi mgongoni, na kila jioni walilala kwenye nyumba ya mtu wasiyemjua. Mvua inawanyeshea, wao wanacheka. Nikajiambia, mimi nimekaa kwenye kiti cha ofisi Mwanza hadi magoti yamesahau kazi yake, kwa nini na mimi nisicheke kidogo?

Kwetu Ngara hakuna visiwa. Kuna vilima, na asubuhi ukungu ukijaa mabondeni vinabaki vichwa tu juu, basi tukakubaliana kwamba hivyo ndivyo visiwa vyetu. Tungeanzia nyumbani kwa baba, Murukulazo, tushuke hadi Benaco, tuvuke kwenda Biharamulo na tumalizie Bisibo kwa kaka yetu. Simu tungezizima mpaka tufike. Hilo nalo nililitoa kwenye video, na ndilo lililotuponza.

Lazima nieleze habari ya kaka, maana bila yeye ningekuwa nasimulia malengelenge tu. Kaka ndiye mzaliwa wa kwanza. Ujanani alikwenda Bisibo kutafuta shamba, akaoa binti wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, kwa ng'ombe na ngoma, bila padri. Baba, ambaye hakosi misa hata akiwa na homa, alimwambia asikanyage kwake mpaka apite altareni. Kaka akasema hatakanyaga mpaka aitwe. Baba akasema yeye haiti mtu. Basi, yakaishia hapo. Wifi akazaa, watoto wakakua, mkubwa wao ameshaoa, na wale wanaume wawili hawajaonana wala kusikia sauti zao. Baba sasa anatembelea fimbo. Mimi nilikuwa na hofu moja iliyonikosesha raha kila nilipomfikiria, kwamba watakuja kukutana mmoja akiwa ndani ya sanduku.

Asubuhi ya kuondoka nilimuuliza baba tumpelekee kaka salamu gani. Alikuwa anaondoa majani makavu kwenye migomba. Hata hakugeuka.

"Sina salamu."

"Hata moja, baba?"

"Nimesema."

Hasira zilinipanda. Mdogo wangu akanivuta mkono tuondoke kabla sijamjibu mzee vibaya. Tulikuwa tumevaa suruali za mazoezi, lakini kupita na suruali mbele ya watu waliotujua tangu tukiwa uchi tuliona haya, kwa hiyo tukajifunga vitenge kiunoni kwa juu. Mabegi mgongoni, vitenge kiunoni, tukashika njia.

Sijawahi kushtua watu wengi kiasi kile bila kufanya kosa. Waendesha bodaboda walituzimia pikipiki kando ya njia. "Mama, pandeni tu, nauli acheni." Tukisema tunatembea kwa kupenda, wanatutazama kuanzia viatu hadi vichwani. Mmoja alituuliza kwa huruma kabisa kama kuna mtu anayetufukuza. Wanawake waliacha majembe. Na kila nyumba tuliyolala, ikifika asubuhi hawakutuacha tuondoke wenyewe. Mgeni husindikizwa. Baba mwenye nyumba anachukua begi, mama anachukua jingine, wanakupeleka hadi kwenye mto, ukiwaambia rudini wanasema tunawafikisha pale kwenye kona, na kwenye kona wanasema pale kwenye mti. Wale wazungu kwenye video walikuwa peke yao na upepo. Sisi hatukupata hata nafasi ya kwenda kichakani.

Benaco ilikuwa tofauti. Pale watu wa umri wangu, walioona wakimbizi wakimiminika kuvuka mpaka, wakiona mtu mzima anatembea barabarani na mzigo, hawacheki. Wanaacha wanachofanya, wanaangalia nyuma yake kama kuna wengine wanaokuja. Mama mmoja anayechoma ndizi, ambaye ni wa kwetu Murukulazo na ameolewa huko, alitutambua. Alitupa ndizi mbili mbili na akakataa katakata kuuza. Macho yake yalikuwa kwenye vitenge vyetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mnatoka nyumbani kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Mnakwenda kwa kaka yenu?"

"Ndiyo, Bisibo."

Akageuza ndizi moja motoni. "Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu, mama. Tunatembea tu. Ni likizo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa yote. "Haya. Najua hamwezi kusema. Shikeni balabala pole pole, magari ni mengi." Akajifuta macho kwa upande wa khanga. Mdogo wangu, ambaye hunong'ona kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili, akaniambia yule mama amezeeka, akili zinamruka. Tukala ndizi zetu tukaendelea.

Kipande cha msitu hatukutembea. Tuliomba lifti kwenye lori la mahindi, kwa sababu nyati hajui kama uko likizo. Baada ya hapo tukashuka, tukaendelea na miguu yetu, miguu ambayo kwa kweli ilikuwa imeshaanza kututukana. Lakini nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya. Niliona kunguru weupe shingoni juu ya shamba la mtama, niliona wachungaji wa Kisukuma wakipitisha ng'ombe barabarani na lori zima la mafuta likisubiri. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia kaka ili apunguze ubishi. Nilijiona mjanja sana.

Tuliingia Bisibo mchana. Mtoto mmoja wa njiani alikuwa ametuelekeza njia ya mkato kupitia mashamba ya muhogo, na kabla hatujaiona nyumba tukasikia vilio.

Unajua namna kilio cha msiba kinavyosikika, si kelele ya mtu aliyeumia. Kinapanda, kinashuka, kinapokewa. Tulipotokeza tukaona turubai la bluu limefungwa uani, wanaume wamekaa kwenye magogo kuzunguka moto, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, na ngozi mbichi ya ng'ombe imetandazwa kando ya zizi. Nyumba ni ya kaka. Nikasema ndani yangu: amekufa. Kaka amekufa, simu zetu tumezizima, na baba yuko kwenye migomba yake hana salamu.

Nilitupa begi nikapiga yowe. Mdogo wangu akapiga lake. Wanawake walipotuona wakasimama wote na kuitikia, na vilio vikawa vikubwa maradufu. Wifi alinikumbatia akinilowesha bega. Nikawa namuuliza, "Lini? Aliugua nini?" naye ananiuliza maneno hayo hayo, "Lini, wifi? Aliugua nini?" na hakuna anayemjibu mwenzake.

Ndipo kaka akatoka ndani.

Alikuwa amenyolewa kichwa chote, kinang'aa. Nilirudi nyuma hadi nikamkanyaga mtu, kwa sababu nilikuwa nimeshamlilia, nimeshamwona amelala na pamba puani. Alikuja moja kwa moja, mtu mzima yule mwenye wajukuu, akapiga magoti kwenye vumbi mbele yangu akashika vile vitenge vyangu.

"Niambie," alisema. "Alinitaja? Mwishoni, baba alinitaja?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilitamani ardhi inipasukie.

Katika ukoo wetu, baba mwenye mji akifa, habari haitumwi kwa mdomo wa mtu baki. Zamani haikutumwa hata kwa barua, na simu zilipokuja wazee wakasema vivyo hivyo. Habari hiyo hubebwa na watoto wake wenyewe, kwa miguu, kitenge kimefungwa kiunoni. Na wakiulizwa njiani kuna nini, hujibu hakuna kitu, kwa kuwa hawaruhusiwi kumwambia yeyote kabla ya mwenye habari yake. Wala anayepelekewa hapigi simu kuuliza. Akiuliza ni kama amewaharakisha. Bibi alitufundisha tukiwa wadogo. Mimi nilidhani mambo hayo tulimzika nayo bibi. Yule mama wa ndizi hakuwa amezika kitu. Alipiga simu Bisibo kwa binamu yake: mabinti wa mzee wamepita hapa kwa miguu, wamejifunga, nimewauliza, wamesema hakuna kitu. Hilo "hakuna kitu" letu ndilo lililomuua baba. Habari ilipomfikia kaka, akapiga hesabu ya mwendo wa miguu kutoka kwetu, akaona mzee atakuwa ameshazikwa, akachinja, akanyoa.

"Kaka," nilisema. "Baba mzima."

Hakunisikia, au hakutaka.

"Alinitaja?"

"Baba ni mzima! Nimemwacha anaondoa majani kwenye migomba. Anakula, analala, anakasirika. Tulikuwa tunatembea tu. Ni likizo."

Sijui kama umewahi kusikia msiba mzima ukinyamaza kwa mara moja. Hata moto nilihisi umeacha kupasuka. Wifi alikuwa ameshika mwiko, nyama inachemka nyuma yake, na nikaona midomo yake inajaribu neno "likizo" bila sauti. Mzee mmoja wa Kisukuma, baba mkwe wa kaka, alivua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena.

Kaka alisimama. Nimemwogopa mara chache maishani, na hiyo ni mojawapo.

"Mmeniulia baba," alisema, "kwa ajili ya kutembea?"

Alikwenda nyuma ya zizi akakaa chini, akalia peke yake, na kilio hicho hakikuwa cha msiba. Kilikuwa cha mtu aliyegundua kwamba lile aliloshindwa kuvumilia jana bado halijatokea, na litatokea. Watu walikula nyama kwa sababu nyama ilikuwa imeiva. Mdogo wangu aliomba msamaha kwa kila mtu, hadi kwa watu waliokuwa wanapita.

Asubuhi tulisema tunarudi kwa basi. Miguu na aibu vyote vilikuwa vimetushinda. Kaka hakuwa ametusemesha tangu jana. Akachukua begi langu.

"Nawasindikiza hadi kituoni."

Kituoni basi lilipokuja, akapanda nalo. "Nawafikisha Lusahunga." Lusahunga alikaa tu, anaangalia dirishani. Nilimkanyaga mdogo wangu mguu asithubutu kufungua mdomo. Kaka akasema, bila kuulizwa, "Hadi Benaco, halafu nageuza." Benaco yule mama wa ndizi alipoona kichwa chake kilichonyolewa alianza kulia upya, nasi tukampita mbio kama wezi. Tulipoacha gari la mwisho na kuanza kupanda kilima cha kwetu, kaka alikuwa mbele na mabegi yote mawili. "Pale kwenye kona," alisema. Kwenye kona akasema, "Pale kwenye mti." Njia alikuwa anaijua vizuri kuliko sisi.

Baba alikuwa mahali pale pale, kwenye migomba. Alisikia nyayo akageuka na panga mkononi. Alitupita mimi na mdogo wangu kwa macho kama hatupo, akafika kwenye kile kichwa, akabaki hapo. Kaka aliweka mabegi chini.

"Shikamoo, baba."

Baba hakuitikia. Aliuliza, kwa lugha yetu ya nyumbani, "Umenyoa. Nani kafa?"

Nilitaka kueleza kila kitu, vitenge, ndizi, simu. Kaka alinitangulia.

"Wewe."

Baba alishusha panga. Alitafuta gogo la mgomba kwa mkono, akakaa taratibu, mguu mmoja kwanza.

"Mlichinja?"

"Dume."

"Dume gani?"

"Lile kubwa. Jekundu, lenye baka jeupe kwenye paji."

Mzee akatikisa kichwa, akawa kama analiona. Akaokota jani kavu, akalikunja, akalikunjua.

"Na ulilia?"

"Nililia, baba."

Baba aliliweka jani chini. Kisha akanyoosha mkono, akauweka juu ya kile kichwa kisicho na nywele, na akasema, "Marahaba."