Kabureta Mbili na Sikio la Jirani

Jirani yangu wa ng'ambo ya ukuta, bibi mzee, huvaa glavu za kuoshea vyombo anapofungua boneti ya gari lake kuukuu la spoti, la viti viwili, lililoundwa hapa hapa mjini Coventry, Uingereza, kabla sijazaliwa. Kila Jumapili baada ya chai huliwasha, akaweka ncha moja ya bomba la mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, zile mbili zinazochanganya hewa na petroli, ya kwanza kisha ya pili, asikie kama zinavuta hewa sawasawa. Husonya, hugeuza skrubu kidogo, husikiliza tena.

Jumapili iliyopita alisikiliza muda mrefu asiguse kitu, na injini ikizidi kukohoa.

"Hettie!" akaniita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Hebu njoo. Masikio yameniishia."

Nilipofika akanipa lile bomba la mpira.

"Mimi sijui kitu cha magari!"

"Nani kakuuliza magari? Ipi inayovuma zaidi?"

"Ya nyuma!" nikapaza sauti.

Akageuza. "Sasa?"

"Bado... bado kidogo... hapo! Usiguse tena!"

Kikohozi kikakatika, injini ikanguruma kwa utulivu. Akavua glavu, akalaza kiganja juu ya chuma kinachotetemeka, akafumba macho, akacheka kama msichana.

"Kavae koti," akasema. "Paa la gari halifungi, na leo tunapanda nalo mlima."