Nywele za Profesa Mundhir

Kwenye mafunzo yetu ya isotopu hapa Sfax, kila mtafiti hukata unywele wake na kuutia kwenye mashine, nayo husema amekuwa akila nini. Mwalimu wetu, Profesa Mundhir, ana miaka sitini na nywele nyeusi tii zisizotikisika hata kwa upepo wa baharini. Kwa majivuno, hakuna wa kumfikia; kila siku hujigamba kwamba chakula chake ni samaki tu. Juzi tulimbana mpaka akatoa unywele wa kichwani na wa kidevuni.

Lubna, mwenzangu asiye na haya, akasoma majibu.

"Profesa, ndevu zako zinakula samaki."

"Si niliwaambia!"

"Lakini kichwa kinakula majani matupu."

"Mashine imeharibika hiyo!"

"Mashine nzima, Profesa. Mrudishie farasi mkia wake."