Kijiji Wasikokufa Watu

Skuli niliiacha darasa la tano. Baada ya hapo nikabeba magunia ya karafuu bandarini, nikapaka chokaa nyumba za Mji Mkongwe, nikauza masufuria, na kila kazi niliiacha mara tu nilipojua inavyokwenda. Kwa hiyo Serikali ilipoamua kutuhesabu, miaka ile ya hamsini, nilijiandikisha kabla sijauliza mshahara. Nilitaka kujua mtu huhesabiwaje.

Mkubwa wetu wa ofisi alikuwa bwana wa makamo aliyesoma ng'ambo, na huko alikuwa amejifunza ngazi. Akatuchorea ubaoni.

"Nchi ikiwa kipago cha chini cha ngazi," akasema, "huzaa sana na kuzika sana. Ikiendelea kidogo, huzaa sana lakini haiziki. Ikipanda tena, haizai sana wala haiziki sana. Huko juu kabisa watu wana watoto wawili na motokaa."

Kazi yetu ilikuwa kumjulisha Unguja iko kipago gani, ili ajue mkunga mmoja aliyekuwa naye, aliyesomea kazi hiyo, ampeleke wapi. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto wanane, lakini hilo hatukuulizwa.

Mimi nilipangiwa Makunduchi. Nyumba ya kwanza nilimkuta bibi mmoja anasuka ukindu, na binti yake mjamzito ameegemea ukuta.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unauza nini?"

"Siuzi, nnahesabu. Watoto wako wangapi?"

Akaacha kusuka. "Watoto hawahesabiwi. Huhesabiwa kuku, na mwewe naye huwa anasikiliza."

Nikamweleza habari ya mkunga. Pale yule binti akainua uso. Mama yake akaniambia kwa sauti ndogo kwamba binti huyo amekwishazaa mara tatu na mara tatu wamezika, na huyu wa nne amebakisha miezi miwili.

"Kweli ataletwa, huyo mkunga wa skuli?" Bibi akauliza.

"Ukihesabiwa, ataletwa," nikasema. Sikuwa na mamlaka ya kuahidi hata kikombe cha chai.

Bibi akafikiri. "Basi wachanganye," akasema. "Wangu walio hapa na wangu waliotangulia, waandike pamoja. Hasidi akiisoma karatasi yako asijue yupi wa kumshika."

"Lakini kuna safu ya wazima na safu ya waliokufa, Bibi."

"Waliokufa! Wananingoja mlangoni mwa pepo, wewe unawaita waliokufa? Waandike wazima, au kunja karatasi zako."

Nikawaandika tisa, wote wazima. Binti yake nikamwandikia watatu. Nyumba ya pili walikuwa wameshasikia kwamba yule mtoto wa mjini anachanganya vizuri, wakanikaribisha kwa muhogo. Kufikia Alhamisi nilikuwa nimemaliza kijiji kizima, na hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyepata kufa.

Mkubwa wa ofisi alizisoma karatasi zangu amesimama.

"Unaona?" akamwambia karani wake. "Makunduchi wamepanda kipago bila hata kusaidiwa. Ni upepo wa bahari ule, na samaki."

"Bwana," nikasema, "hawa wengine wako makaburini."

"Wameandikwa wapi?"

"Kwa wazima."

"Basi ni wazima."

Mkunga akapelekwa Chukwani, ambako watu walijibu kila swali kama lilivyoulizwa, na vifo vyao vikaonekana. Mimi nikapanda basi la shamba kwenda kumwambia Bibi mwenyewe. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza tu ofisi iko mtaa gani.

Miezi ya binti ilipokaribia kutimia, walikuja wanawake sita na buibui zao, Bibi mbele na binti katikati yao. Wakatandika mkeka barazani pa ofisi, wakakaa. Mkubwa akatoka.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Ndiwe uliyesema kwetu watu hawafi?"

"Hesabu ndiyo inayosema, Bi Mkubwa."

"Haya. Mwanangu huyu alizaa watatu, akazika watatu. Tumemleta azae mbele yako. Mambo yakiharibika, uandike kwa mkono wako."

"Hapa ni ofisi, mama yangu!"

"Ndiyo, tumeona kuna kalamu nyingi."

Wapita njia wakaanza kusimama. Muuza kahawa akaweka jiko lake karibu, maana hajapata kuona baraza lenye wateja wengi namna ile. Mkubwa akaingia, akatoka, akafuta miwani. Siku ya tatu binti akashikwa na uchungu kweli, na mkubwa akatoa motokaa yake mwenyewe, akaendesha hadi hospitali huku akipiga honi kwenye vichochoro ambamo hata punda hupita ubavu.

Mtoto alizaliwa mzima, mwanamke, na sauti yake niliisikia nje ya ukuta. Akaandikwa mzaliwa wa mjini. Bibi aliposikia hivyo alifurahi sana: jicho la hasidi limtafute mjini, mtoto yuko Makunduchi.

Mimi nilifukuzwa kwa kuvuruga safu. Hata hivyo niliendelea kupita pale, kwa udadisi tu, na karani akanionyesha taarifa mpya ya mkubwa: uzazi wa mjini umeongezeka, watu wa mashamba wanahamia mjini, na hiyo ni dalili ya maendeleo.

Kweli walikuwa wakija. Kila mjamzito wa kusini aliyepata nauli alipanda basi, akazaa, na wiki ya pili akarudi zake kwa basi lilelile. Kurudi hakukuwa na safu yake. Mkunga Makunduchi hakufika, lakini utingo, mtu mkali ambaye alikuwa akipakia mbuzi juu ya watu, aliliacha wazi benchi la mbele kila safari, na dereva akajifunza kuyakwepa mashimo.