Siku Niliyowapa Korongo Mgongo

Mama mkwe wangu alisema atakuja Jumamosi kuiona hiyo kazi kwa macho yake. Maneno "hiyo kazi" aliyatamka kama mtu aliyeshika panya mfu kwa ncha ya mkia. Mke wangu aliponiletea ujumbe huo, alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, upande ambao mimi huuogopa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Baada ya miaka mingi ya kuzurura, nilikuwa nimeamua kwamba nitawachukua watu kwa mtumbwi na kuwaonyesha ndege. Kuna bwawa nje ya Ruiru, upande wa Mugutha, lililobaki kutoka enzi za mashamba ya kahawa. Mibuni iling'olewa zamani na ardhi ikakatwa ploti, na siku hizi nyumba za kupangisha zimelisogelea bwawa mpaka nguo zilizoanikwa huonekana majini. Lakini maji yapo, mafunjo yapo, na ndege bado hawajaambiwa wahame.

Nilizaliwa karibu na hapo, katika nyumba za laini za wafanyakazi wa shamba. Tulipotumwa kuteka maji asubuhi, tuliwakuta korongo wenye taji la manyoya ya dhahabu wakicheza matopeni, wakirukaruka na kuinamiana kama watu wa harusini. Baadaye nilikwenda Mombasa kuuza viatu, nikaenda Kitale kusaga mahindi, nikaenda Narok kufukuza pundamilia kwenye ngano ya watu. Kote huko niliwasimulia wenzangu habari za korongo wale, mpaka wakaniomba niwaache wale ugali wao kwa amani. Nadhani nilihamahama ili nipate watu wapya ambao hawajaisikia hadithi hiyo.

Tatizo ni kwamba tangu nirudi sikuwa nimemwona korongo hata mmoja. Ushahidi wangu wote ulikuwa maneno ya mvuvi mmoja, niliyekaa naye dawati moja sekondari, ambaye siku hizi huvua tilapia pale.

"Wale kuku wakubwa wa kofia?" aliniambia. "Wako. Wanakuja pale nyuma ya mafunjo asubuhi."

Kwake kila chenye mabawa ni kuku. Mnandi ni kuku mweusi, bata ni kuku wa maji, na tai ni kuku mbaya.

Sasa, mama mkwe ana duka la vyakula vya mifugo kule Kamenu, na alikuwa ameshaamua kwamba mimi ndiye mtu wa kubeba magunia na kusimama kaunta. Hakuona sababu ya mtu mzima mwenye mgongo mzima kuangalia ndege. Masharti yake yalifika nyumbani kwetu Kiganjo bila kuzungushwa: nikimwonyesha hiyo ndege ya taji, ataniacha na maji yangu. Nisipomwonyesha, Jumatatu asubuhi niwe dukani, na nisivae hiyo kofia.

Kofia ilikuwa ya kijani, yenye kamba ya kufunga kidevuni. Niliinunua kabla ya kununua kitu kingine chochote, kabla hata ya kuulizia mtumbwi. Hapo tu mtu mwenye akili angenijua.

Jumamosi ilifika. Mama mkwe alikuja bwawani na gauni la kanisani, kitambaa kichwani, gamubuti miguuni, na kiondo chenye nduma za kuchemsha na chupa ya chai. Mimi nilikuwa na darubini ya kuazima na majina ya ndege niliyokariri kutoka kwenye simu. Mvuvi alikuwa na mtumbwi wake wa ubao, uliozibwa nyufa kwa lami, na makoti mawili ya kuelea ya rangi ya machungwa. Yeye mwenyewe hakuvaa. Alisema samaki wangemcheka.

"Shosho, karibu ndani," alimwambia mama mkwe. "Hii haizami. Inalowesha tu."

Mama mkwe aliomba kwanza. Alimshukuru Mungu kwa usafiri, akamkumbusha habari za Nuhu, akamwomba awafungue macho wale ambao wamefumbwa wasione njia ya kutafutia watoto wao chakula. Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote, kama mtu ambaye hajui anayesemwa.

Ndipo likaja suala la kukaa, na hapo ndipo nilipoharibu siku yangu mwenyewe.

Mimi nililelewa na baba wa zamani. Alinifundisha kwamba mama mzaa mke hapewi mgongo. Hashikwi. Hatazamwi usoni kama unavyomtazama mwenzako. Najua vijana wa siku hizi hupiga picha na mama wakwe zao wakiwa wameshikana mabega, na mimi huziangalia picha hizo kama naangalia watu wakicheza na umeme. Sasa mtumbwi ni kitu chembamba. Mvuvi alisimama nyuma na upondo wake wa kusukumia. Mama mkwe akaketi katikati, akitazama mbele. Mimi, mwongoza wageni, nilibakiwa na ubao wa mbele kabisa. Nikiketi kama watu wanavyoketi kwenye mtumbwi, mgongo wangu utakuwa puani mwake safari nzima.

Kwa hiyo niligeuka. Niliketi nikimwelekea yeye, magoti yangu nimeyabana upande ili yasiguse yake, na kwa kuwa sikuweza kumtazama usoni, nikatazama sakafu.

Mvuvi aliniangalia juu ya kichwa cha mama mkwe. "Boss," alisema polepole, "ndege wako mbele."

"Najua."

"Na wewe unaangalia hapa nyuma."

"Nimesema najua. Sukuma."

Akasukuma. Tukaingia bwawani, mgeni akitazama tunakokwenda na mwongozaji akitazama tulikotoka.

Ndege walianza papo hapo. Nawaeleza jinsi nilivyowafahamu, yaani kwa mdomo wa mama mkwe.

"Hii ndogo ya buluu ni nini?"

Niligeuza shingo. Mtumbwi ukayumba, maji yakaingia, na nikaona tawi linalotikisika.

"Mdiria," nilisema. "Anakula samaki."

"Ulimwona?"

"Nimeona tawi lake, Mama."

Alimenya nduma. Baada ya kitambo akaniuliza tena: kuna mmoja anatembea juu ya majani ya maji, vidole virefu, ananyanyua miguu kama mtu aliyetoka kupaka viatu rangi. Nikageuka tena, mtumbwi ukayumba tena, na ndege akawa ameingia mafunjoni. Nilimpa jina la kwanza lililonijia kichwani. Nilikuja kugundua baadaye kwamba ni jina la samaki.

Mvuvi alikuwa akifurahia. "Shosho, muulize huyu mweusi kwenye kigogo, anayeanika mabawa."

"Huyo ni nani?"

"Mnandi," nilisema bila kugeuka, maana mnandi hukaa hivyo daima na hata mimi siwezi kumkosa.

"Hukumwangalia."

"Namjua, Mama."

"Mtu wa duka," alisema mama mkwe, akikielekezea kiondo chake maneno hayo, "mteja akiingia humtazama."

Nikachukua kibuyu cha plastiki kilichokatwa na kuanza kutoa maji sakafuni. Kilikuwa kitu pekee ndani ya mtumbwi ule nilichokuwa na sababu halali ya kukiangalia. Darubini ilining'inia kifuani ikigonga kifungo cha koti la kuelea, tok, tok. Kofia ilinibana kidevu. Nilikuwa nimewaza kwamba siku ile ningesimama kwenye ncha ya mtumbwi, mkono nimeunyoosha, nikisema kwa sauti ya chini, "Tazameni." Niliifanyia mazoezi sauti hiyo bafuni. Mke wangu alinisikia akaniuliza kama naumwa.

Tulikwenda hivyo mpaka jua likapanda. Bata walipita, yangeyange wakapita, wote wakielekea nyuma yangu. Nilizoea kuwajua ndege kwa jinsi macho ya mvuvi yalivyohama. Korongo hawakutajwa na mtu. Nilianza kujiona nyuma ya kaunta, nimevaa dastikoti ya bluu, nikimweleza mteja tofauti ya chakula cha ng'ombe wa maziwa na cha nguruwe. Naye angeijua kuliko mimi.

Basi nikafanya upumbavu. Nilisikia kitu kikivunjika mafunjoni na, bila kufikiri, niligeuka mwili mzima. Mtumbwi uliinama kama unataka kutumwaga. Chupa ya chai ilibingirika. Mama mkwe akapiga yowe la kumwita Mungu, "Ngai!" na ili asianguke akanishika goti kwa mikono yote miwili.

Tulikaa hivyo mpaka maji yakatulia. Kisha sote wawili tukaliangalia lile goti kama gari lililoegeshwa mahali pabaya. Akaondoa mikono. Akaifuta kwa kitambaa. Mimi nikaomba msamaha, sijui kwa nini, maana goti ndilo lililoshikwa.

"Kilikuwa nini kule?" aliuliza.

"Ng'ombe," alisema mvuvi. "Shosho, mwambie akae. Akigeuka tena tutaenda kuongea na tilapia."

"Baba," aliniambia mama mkwe, kwa sauti ya mtu anayeongea na ndama, "usigeuke tena. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mvuvi akatuzungusha nyuma ya mafunjo, mahali maji yanapokuwa haba na matope yanaanza. Upondo ukawa unatoa sauti ya kunyonya. Halafu ukanyamaza. Niliinua macho kidogo nikamwona amesimama kama mlingoti, mdomo wazi. Na mama mkwe, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameacha kuuliza au kutafuna, alikuwa amenyamaza pia, nduma mkononi.

Nikajua.

Nyuma yangu kukatoka sauti niliyoibeba Mombasa na Kitale na Narok, ule mlio wa tarumbeta iliyopata mafua. Sikuwa nimeusikia tangu nikiwa na kaptula. Mwili wangu wote ulitaka kugeuka, mpaka shingo ikauma.

"Usigeuke," alinong'ona mama mkwe. "Wako karibu. Ukitikisa hii kitu wataruka."

Nilikuwa na haki ya kugeuka. Korongo walikuwa wangu. Lakini mwenye kutakiwa kuwaona siku ile alikuwa yeye, na alikuwa akiwaona. Kama wangeruka kabla hajashiba, angeniambia aliona kivuli tu. Nikakamata ubao kwa mikono miwili na kukaa kama gunia.

"Wanafanya nini, Mama?" nilinong'ona.

"Wewe nyamaza."

Nikanyamaza. Kisha, pengine kwa sababu na yeye alihitaji kumwambia mtu, akaanza. "Wawili wanasalimiana. Mmoja ameinama, mwingine ameinama. Sasa anaruka. Woi, anaruka na miguu inaning'inia! Ameokota kijiti, anakitupa juu. Hiyo kofia yao inang'aa, ni kama mtu amewasha kiberiti. Kuna katoto. Ka rangi ya matope. Kanawaangalia tu, hakaelewi watu wazima wana nini."

Ndipo nikafanya jambo ambalo baba hakulikubali. Nilimtazama mama mkwe usoni. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimejua kwamba ana mwanya, au kwamba akishangaa nyusi zake hupanda kama za mke wangu. Alikuwa amevaa miwani, na nikajaribu kuwatafuta korongo ndani ya vioo vyake. Nilichokiona ni mtu mdogo wa rangi ya machungwa mwenye kofia ya kijani.

Kisha macho yake yakapanda angani, juu yangu, yakafuata kitu mpaka mbali. Nilisikia mabawa. Hayakupita juu ya mtumbwi. Walielekea upande mwingine, kama walivyofanya wenzao wote siku ile.

"Wameenda," alisema. Halafu, kwa mara ya kwanza, akaniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli: "Hukuwaona kabisa?"

"Hapana, Mama."

"Hata kidogo?"

"Nimesikia."

Mvuvi akacheka mpaka upondo ukamponyoka, ikabidi tuuvue kwa kibuyu. Mama mkwe hakucheka. Alinipa nduma, ile kubwa, akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Tulirudi hivyo, mimi nikitazama mafunjo yale yakirudi nyuma. Safari hiyo, angalau, nilikuwa nimekaa upande unaofaa. Mafunjo hayakuwa na kitu.

Nyumbani alitoa hukumu akiwa bado na gamubuti, akimwambia mke wangu huku mimi nimesimama mlangoni kama meza. Alisema ndege yuko. Alisema mimi simjui ndege yeyote isipokuwa yule mweusi wa kuanika mabawa. Alisema dukani Jumatatu ataenda mtoto wa dada yake, ambaye hutazama anachofanya. Na Jumamosi ijayo akina mama wa kanisa wanataka kwenda bwawani, nimwambie yule kijana wa tilapia atafute mtumbwi mpana.

"Na wewe," alinigeukia, "utakaa unaangalia mbele. Hao si mama wakwe zako."

Nimekuwa nikiangalia mbele tangu siku hiyo. Nimeonyesha watu bata, minandi, yangeyange, na mdiria kamili, si tawi lake. Korongo hawajarudi nikiwepo. Mvuvi huapa kwamba huwaona siku ambazo siendi, na mimi huenda kila siku ninayoweza. Wageni wakiniuliza kama kweli wapo, nawaambia wapo. Nawaeleza wanavyoinamiana, na kile kijiti kinavyotupwa juu, na katoto kale ka rangi ya matope kasikoelewa wazazi wake. Mama mkwe, kila akija na wenzake, huketi katikati ya mtumbwi, husikiliza mpaka nifike mwisho, kisha hunirekebisha.