Niliapa kwa Biblia kuwa sijagusa udongo wa rangi wa watoto

Admin, jina langu libaki kwako tu, maana huku tunajuana wote. Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, nimeishia darasa la saba. Nakaa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kijiji sitakitaja. Ni msaidizi wa darasa la watoto wenye ulemavu katika shule ya msingi. Nawanawisha, nawalisha uji, nawapeleka chooni, na jioni nafagia ofisi ya Mwalimu Mkuu, ndiyo maana funguo ninazo, za mlango na za kabati.

Mwaka juzi wageni walituletea katoni ya vifaa vya watoto hawa. Udongo laini wa rangi wa kufinyangia, rangi za maji na brashi, mipira yenye vinundu, vitambaa vya kupapasa, vingine laini kama kifaranga, vingine vinakwaruza. Watoto walichezea siku ile moja, wakapigwa picha. Wageni walipoondoka Mkuu akafungia kila kitu kabatini ofisini kwake. Si mtu mbaya. Huku kwetu kila nyumba ina vyombo vya wageni, sahani nzuri zinakaa kabatini na wenye nyumba wanakula kwenye bakuli la plastiki. Nilipomuuliza alisema, "Mama, hawa watavimaliza kwa wiki moja. Wageni wakirudi tuwaonyeshe nini?" Sikumlaumu, kwa sababu hata mimi nina vikombe ambavyo wanangu hawajawahi kuvinywea.

Sasa kuna binti, nimwite Tuma, miaka kumi na miwili, haoni wala hasemi. Kabla ya shule, mama yake akienda kuuza usipa, dagaa wetu wa ziwani, alikuwa anamfunga kamba kiunoni kwenye nguzo ya jiko. Si ukatili, alikuwa anaogopa mtoto ataingia ziwani. Tuma akichafukwa anajing'ata mkono mpaka damu. Nilijaribu udongo wa mtoni, akaula. Nilikanda unga wa muhogo, ukachacha, sisimizi wakajaa darasani. Siku moja alijing'ata mpaka nikaona nyama, na Mkuu yuko Mbinga mjini kwenye kikao. Nikafungua kabati, nikampa donge la udongo wa rangi. Jamani, mtoto alitulia. Akalinusa, akaliviringisha, akalibonyeza mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Basi ikawa kila Mkuu akitoka, mimi nafungua, na wote wanane wanapata. Siku zikaenda, Tuma akafinyanga samaki, magamba kayachora kwa ukucha, moja moja. Mama yake alipomshika yule samaki akasema, "Huyu mbasa kabisa! Tena ana mayai tumboni!" Tulicheka mpaka machozi. Lakini udongo ulichanganyika ukawa rangi ya matope, ukakauka, ukaisha. Rangi nazo zikaisha. Makopo matupu niliyarudisha kwenye katoni nikayapanga vizuri, nikamwambia Mungu nitasema kesho. Kesho ikawa miezi.

Mwezi huu Mkuu kapata taarifa kuwa wageni wanarudi. Kafungua katoni, kakuta makopo. Akaamini vya ndani vimeuzwa. Akatuita wote ofisini, akaweka Biblia mezani. "Kila mtu aape hajagusa. Nikimjua aliyefanya hivi, ni polisi, na hilo darasa nalifunga, watoto warudi kwao." Hapo mimi nikaiona ile kamba.

Walimu wakaapa mmoja mmoja. Ikafika kwa mwalimu wa darasa la tatu, binti mdogo tu, mgeni huku, ajira yake bado ni ya majaribio. Akasema kwa upole, "Mkuu, imani yangu hainiruhusu kuapa. Lakini sijachukua kitu." Mwalimu mmoja akadakia, "Eeh! Wezi wa siku hizi wanakuja na maandiko!" Watu wakacheka. Mkuu akasema, "Asiye na kosa anaogopaje kitabu?" Zamu yangu ikafika. Niliweka mkono huu huu ninaoandikia, nikasema sijagusa. Mkuu akasema, "Mama huyu hata tusingemwapisha."

Sikuuza, wapendwa. Lakini niligusa, na nimemtaja Mungu kwa uongo.

Kesho yake yule mwalimu binti alinikuta bombani naosha vikombe vya uji. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Akainama, akaanza kunisuuzia. Kisha akasema, "Mama, mimi nilikuwa nakuona kupitia dirishani ukiwapa udongo. Tuma alikuwa anacheka. Sitasema. Mdomo wa kusema ni wako." Akabeba vikombe, akavipeleka ndani. Laiti angenitukana!

Ijumaa kamati ya shule inakaa kumjadili mwalimu huyo. Mkuu ameshaandika barua ya kumpeleka halmashauri, na mtu wa majaribio akipelekwa na tuhuma ya wizi, kazi hana tena. Nikisema, mimi polisi nitakwenda, nimeshakubali moyoni, lakini watoto wanane watarudi kukaa majumbani. Mama yake Tuma kashasikia, kaniuliza, "Dada, hawafungi darasa kweli? Maana ile kamba nilishaikata nikafungia mbuzi." Nikinyamaza, namla mtoto wa mwenzangu mzima mzima. Padre wa kuniungamisha hafiki huku mpaka mwezi ujao. Jumapili katekista alipogawa Ekaristi watu walikwenda kupokea, mimi nikabaki kwenye benchi, majirani wakanigeukia. Na Tuma, tangu udongo uishe, mkono umeanza tena kutoka damu.

Leo mchana Mkuu kaniita. "Mama, Ijumaa wewe ndiye utatufungulia kikao kwa sala." Nikaitika ndiyo. Yule mwalimu binti atakuwa amekaa mbele yangu. Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Ijumaa: nikishafumba macho pale, niseme nini?