Nilichagua sakafu na maranda vizuri, shida ikawa nani alale juu yake

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Haya yamenitokea mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Naishi Kamalondo, kwenye parcelle, yaani kiwanja alichoacha marehemu baba, mfanyakazi wa reli. Kazi yangu ilikuwa kupakua malori ya wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini. Vita ilipochacha huko malori yakakatika, nikabaki nimekaa. Nikaamua kufuga broilers.

Sakafu ya banda ilinisumbua wiki nzima.

Udongo ni bure, lakini mvua za huku zikianza maji yanapanda kutoka chini, na panya wanachimba. Mbao zinaliwa na mchwa. Nikamwaga zege, nikaipa sakafu mteremko kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke.

Upande wa litter, yaani matandiko ya chini, kiwanda cha mbao walinipa unga wa msumeno bure. Nikakataa. Vifaranga wanaudonoa wakidhani chakula, na ukilowa unaganda. Nikachukua maranda, yale mabaki mapana ya randa, kwa seremala wa mtaani. Nikayaanika siku mbili, nikayatandaza unene wa vidole vinne.

Vifaranga mia na hamsini wakaingia. Siku sita, hakuna aliyekufa. Nilikuwa naingia mle kunusa tu, nasikia harufu ya mbao.

Siku ya saba akafika Yaya Dorcas, dada mkubwa wa mke wangu, na mumewe Kambale, na watoto watatu. Walikimbia Goma, wakazunguka nchi za watu mpaka wakatufikia kupitia mpaka wa Zambia. Malori mengi niliyokuwa napakua yalikuwa ya huyo Kambale. Sasa alishika mfuko mmoja.

Nyumba yetu ni vyumba viwili, na bati linavuja. Mke wangu akasema, "Batalala mu banda. Njo pa kavu." Yaani ndipo pakavu.

Nikamwambia vifaranga watakufa.

"Baba Gloria, kuku iko na simenti, bantu habana?"

Nikaingia bandani kuwakusanya.

Vifaranga nikawahamishia kibanda cha jikoni, sakafu ya udongo. Maranda nikayaacha chini ya magodoro ya wageni, maana zege lina baridi. Seremala hakuwa na mengine. Nikaenda kuuchukua ule unga niliokuwa nimeukataa.

Mvua ikanyesha siku tatu. Udongo ukatoa maji, unga ukawa uji. Ammonia ya kinyesi ilichoma macho. Kisha kinyesi cha damu. Coccidiosis, wakuu. Dawa nilinunua, ila nilichelewa.

Sasa sehemu ninayoona haya kuiandika.

Kila asubuhi niliwapanga waliokufa mbele ya mlango wa banda, mstari mmoja, kabla wageni hawajatoka. Ningeweza kuwafukia moja kwa moja. Nilitaka waone.

Kambale aliwaruka akaenda zake. Yaya Dorcas ndiye aliyechukua jembe na kuwafukia, asubuhi tano mfululizo. Ya sita akaniambia kwa upole, "Shemeji, tumeona. Inatosha."

Nikamwonyesha vifaranga waliokufa, nikamjibu, "Muko mu nyumba yabo."

Kesho yake nilirudi kutoka sokoni nikakuta hawapo. Walienda Pweto, kwa rafiki wa Kambale anayeuza samaki wakavu. Banda lilikuwa limefagiliwa, zege limeoshwa, maranda yameanikwa juani.

Jumapili mke wangu akanigeukia. Alichosema ni hiki tu: "Balikuwa banangojea neno moja yako."

Vifaranga walibaki tisa. Na ndugu wote sasa wanasema nilimlaza Kambale na kuku. Inaniuma, kwa sababu kuku ndio niliowatoa.

Nilichojifunza: zege lenye mteremko, maranda makavu, na unga wa msumeno usiwape vifaranga wadogo. Hilo nina uhakika nalo.

La pili bado nalitafuna. Nilitoa banda, halafu nikahakikisha kila siku aliyelipokea anajutia kulipokea. Ni afadhali ningesema hapana siku ile ya kwanza, wangejua mapema.

Wenye uzoefu wa litter karibuni mnikosoe. Na kama yupo aliyewahi kumpigia simu shemeji baada ya mambo kama haya, anisaidie neno la kwanza. Namba ya Yaya Dorcas ninayo. Huwa inaita, nakata kabla hajapokea.