Mawingu ya Mzee Mkumba

Nakumbuka harusi moja ya Temeke, mwanangu, kila nikikuona unaifungia lenzi yako pana filta, kioo juu ya kioo. Enzi za Mwingereza nilikuwa mpiga picha kijana mwenye baiskeli, kamera moja na maneno mengi.

Mwenye shughuli alikuwa Mzee Mkumba, seremala. Binti yake Zainabu alikuwa anaolewa, na kesho yake angepanda treni kumfuata mumewe Kigoma. Mzee hakuwahi kupigwa picha maishani. Sura ya baba ambayo Zainabu angeondoka nayo ilikuwa ile ambayo ningeipiga mimi.

Ua lilikuwa dogo na ndugu wengi, ndiyo maana nilichukua lenzi pana. Mzee, ambaye aliwahi kuona picha ya mawingu kwenye kalenda, akakiona kioo changu cha manjano, ile filta inayolitia giza anga mawingu yakajitokeza.

"Kijana, visha hicho. Nataka mawingu."

"Mzee wangu, lenzi hii inaona mno. Nikiivisha filta itaona mpaka pete ya chuma inayokishika kioo, pembe zote zitakuwa nyeusi."

Akachungulia kwenye kidirisha cha kamera. "Mbona mie sioni weusi?"

"Kidirisha hicho hakitazami kupitia lenzi, mzee."

"Wewe piga. Harusi ya nani hii?"

Nikapiga. Lakini heshima si utumwa, mwanangu. Watu walipoanza kuufuata ubwabwa nikapaza sauti, "Hakuna kuondoka! Chungu hakina miguu!" Nikaivua filta, nikapiga ya pili, mzee akinung'unika.

Sasa, wajua desturi. Wageni hukaa katikati. Mwenye shughuli husimama mwisho kabisa wa mstari wa nyuma, jicho jikoni. Mzee Mkumba alisimama hapohapo, na urefu wake wote.

Asubuhi, kabla ya treni, niliwapelekea picha zote mbili. Ile ya kwanza ilikuwa na mawingu mazuri ajabu, kama pamba iliyochambuliwa. Zainabu akaigeuza huku na huku.

"Baba yuko wapi?"

Kwenye pembe nyeusi ulibaki mkono mmoja wa kanzu. Mzee aliutazama, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mawingu yangu yamenila!" Zainabu akaichukua ile ya pili, anga lake jeupe tupu, akaifunga ndani ya khanga.

Mzee alifariki kabla binti hajarudi hata mara moja kusalimia. Miaka mingi baadaye Zainabu alinijia hapa Kinondoni akaniambia, "Kaka, wanangu wanamjua babu yao kwa picha ile." Nililia, sikuficha.

Kwa hiyo sikukatazi filta, mwanangu. Mimi mwenyewe nazipenda. Tafuta yenye pete nyembamba, au kioo kipana kuliko lenzi yenyewe. Usizipandanishe. Piga kwanza ukuta mweupe, uzikague pembe. Ukiona giza, vua, hata mwenye harusi akikukunjia uso, maana mtaka yote hukosa yote. Na kabla hujapiga, tazama ni nani kasimama pembeni. Mara nyingi ndiye aliyewalisha wote.

Haya, nenda kazini. Mungu akupe jicho la kufika pembeni, na asiruhusu mtoto wa mtu aishike picha yako akauliza baba yuko wapi.